Hekalu la Vishnupad na matambiko ya wazee mjini Gaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu niliporudi kutoka Gaya kuwatolea wazazi wangu marehemu matonge yao ya sadaka, sijapumzika kuulizwa. Jamaa wa Mombasa na Dar es Salaam wanataka kujua njia na gharama. Vijana wetu waliozaliwa Uingereza wanataka kujua maana. Majirani zangu, Waislamu kwa Wakristo, wanauliza kwa upole kama tunaabudu wafu. Nimeyakusanya maswali yao hapa na kuyajibu jinsi ninavyoyaelewa mimi, Mhindu wa asili ya Gujarat niliyezaliwa Pwani. Kabla ya kuanza niseme neno moja, maana huchanganywa sana: Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Humu ninazungumzia Wahindu.

Gaya ni wapi, na Vishnupad ni nini?

Gaya ni mji wa jimbo la Bihar nchini India, kiasi cha kilomita 100 kusini ya Patna, mji mkuu wa jimbo hilo. Mwezi Mei 2025 baraza la mawaziri la Bihar liliamua mji uitwe rasmi Gaya Ji, na hiyo "ji" ni ya heshima, kama tunavyomwita mtu mzima "Mzee". Mahujaji walikuwa wakiuita hivyo tangu zamani.

Hekalu lenyewe limesimama kwenye ukingo wa mto Phalgu. Jina lake maana yake ni mguu wa Vishnu, mmoja wa miungu wetu wakuu. Anayeingia akitarajia kuona sanamu kubwa ya mungu atashangaa, kwa kuwa kinachoheshimiwa pale ni alama ya unyayo kwenye mwamba mweusi, yenye urefu wa sentimita 40 hivi, iliyozungushiwa ukingo wa fedha wenye pembe nane. Watu huinama kuuzunguka, mabega yakigusana, wakimwagia maziwa na maji na kuweka maua, majani ya mtulasi, yaani mrehani mtakatifu, na matonge. Sakafu ni telezi. Mimi nilishikwa mkono na kijana nisiyemjua ili nisianguke, na hakuniachia mpaka nilipotoka.

Nani alilijenga?

Jengo la sasa ni la mwaka 1787, kazi ya Ahilyabai Holkar, malkia wa Malwa aliyetawala akiwa Maheshwar. Ni la mawe ya kijivu, lina safu za nguzo nzito na kilele cha mita 30 hivi. Wachongaji waliletwa kutoka Jaipur, wakachimba mawe kwenye vilima vya Patharkatti, na kazi ilipokwisha wengine hawakurudi kwao. Mpaka leo kijiji cha Patharkatti kinaishi kwa patasi na nyundo.

Mama huyu namheshimu kwa sababu moja kubwa. Mumewe aliuawa vitani mwaka 1754. Mkwewe, aliyemlea katika utawala, alifariki mwaka 1766, na mwaka uliofuata Ahilyabai akafiwa na mwanawe pekee wa kiume. Alikamata madaraka akiwa na misiba mitatu kifuani, kisha akatumia mali kujenga na kukarabati mahekalu karibu kila pembe ya India, likiwemo la Kashi Vishwanath kule Varanasi. Mtu aliyewajengea waliofiwa nyumba hii aliujua msiba kwa jina.

Utakatifu wa mahali penyewe ni wa kale kuliko jengo. Mahabharata, utenzi wetu wa kale, inataja Gaya na mti wake. Faxian, mtawa wa Kichina aliyepita hapo mapema katika karne ya 5, aliukuta mji mtupu, umehamwa. Baadaye watu walirudi.

Kwa nini matambiko ya wazee yafanyike Gaya na si kwingine?

Kisa chake kimo katika Vayu Purana, kimojawapo cha vitabu vyetu vitakatifu vya kale. Palikuwa na jitu, Gayasura, ambalo halikuwa na ubaya wowote. Lilimcha Vishnu kwa bidii hata likapewa zawadi kwamba kila atakayeligusa ataokoka. Basi watu wakawa wanaligusa na kupanda mbinguni moja kwa moja, wema na waovu, na Yama, bwana wa mauti, akabaki hana wa kumhukumu. Miungu wakaliomba lilale chini ili juu ya mwili wake ifanyike ibada ya sadaka. Likakubali. Lakini lilipolala, mwili haukutulia. Wakaliwekea jiwe kubwa, likaendelea kutikisika, mpaka Vishnu mwenyewe alipolikanyaga kwa mguu. Huo ndio unyayo ulioko hekaluni.

Kabla ya kutulia lilitoa ombi moja: mahali hapa paitwe kwa jina langu, na yeyote atakayewatolea wazee wake tonge hapa, wazee hao wakombolewe.

Wenyeji huongeza kwamba jitu litaamka siku ambayo hapatatolewa tonge hata moja. Ndiyo maana mwaka 2020, mikusanyiko ilipozuiwa kwa ajili ya korona, makuhani wa hapo waliendelea kutoa tonge kila siku wao kwa wao, mahujaji wakiwa hawapo. Nilipoelezwa hayo nilinyamaza kimya. Hao walikuwa wakiwatunzia wengine deni lao.

Je, hii si ibada ya mizimu?

Ndilo swali la majirani zangu, na nalijibu bila kuona vibaya. Kwetu mtu huzaliwa na madeni: kwa miungu, kwa wahenga wa hekima, na kwa wazee waliomzaa. Deni la wazee hulipwa kwa kuendeleza ukoo na kwa shraddha, yaani tendo linalofanywa kwa shraddhaa, imani. Mwenye kujua matambiko ya Kiafrika ataona mengi yanayofanana: chakula kinachowekwa chini, maji yanayomiminwa, majina ya ukoo yanayotajwa kwa mpangilio. Tofauti ninayoiona mimi ni ya lengo. Mara nyingi katika tambiko mzee huitwa akaribie, ahusike na mvua au ugonjwa wa mtoto. Gaya tunakwenda kumsindikiza. Tunampa riziki ya safari ili asikwame njiani akituangalia.

Tonge lenyewe hutengenezwaje, na hutolewaje?

Jina lake ni pinda, na Kiswahili kina neno linalolifaa kabisa: tonge. Unaketi chini ukiwa na shuka nyeupe, sahani ya majani mbele yako. Unapewa unga wa shayiri, au wali, ufuta mweusi, asali, maziwa na samli kidogo. Unakanda kwa mkono mmoja hadi mchanganyiko ushikane, kisha unaviringa matonge ya ukubwa wa limau. Ufuta unanata vidoleni na hautoki upesi. Wiki nzima baada ya hapo nilikuwa nikikuta punje moja moja kwenye mkunjo wa saa yangu.

Kwenye kidole cha pete unavaa pete ya kusha, nyasi takatifu. Uzi mtakatifu, ambao siku zote hukaa bega la kushoto, unahamishiwa la kulia, kwa kuwa unachokifanya kinakwenda upande mwingine. Unaelekea kusini, upande wa Yama. Maji huyamimini kwa ncha za vidole kama unapowatolea miungu. Unayapitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, na njia hiyo ya maji huitwa njia ya wazee.

Kisha kuhani anakuuliza: jina? Gotra, yaani mbari? Unataja baba, babu, baba wa babu. Unarudi upande wa mama. Kila jina linakwenda na tonge lake. Matonge huishia kwa ng'ombe, au kwenye maji, au kwenye unyayo wenyewe.

Na mama? Nimesikia mama ana sehemu yake.

Umesikia kweli, na laiti watu wangelijua hili kabla ya kwenda, maana wengi hufika wakiwa wamemfikiria baba tu.

Gaya mama hutolewa matonge 16 peke yake. Kila tonge lina ubeti wake, na kila ubeti unataja taabu moja aliyoipata kwa ajili yako. Moja ni la uzito wa mimba alipotembea kwenye njia mbaya. Jingine la maumivu ya mwezi baada ya mwezi, na uchungu wa kuzaa. Lipo la mateke uliyompiga ukiwa tumboni. Lipo la siku alizokaa na njaa na joto la moto baada ya kujifungua, la dawa chungu alizokunywa, la usiku ulipomlowesha nguo naye asiamke kukuchapa. Kuhani anausoma ubeti kwa Kisanskriti, anakueleza kwa Kihindi, wewe unaweka tonge.

Nilikuwa nimejiandaa kulia kwa baba, aliyefariki karibuni. Mama alikuwa ametutoka miaka mingi, nikadhani hayo yamepoa. Kwenye lile la nguo iliyoloweshwa usiku nilishindwa kuendelea. Kuhani hakunihimiza. Alisubiri, akanisogezea sahani.

Wagujarati wengi, na sisi wa Afrika Mashariki tumo, humpeleka mama Siddhpur, kule kwetu Gujarat, penye bwawa la Bindu Sarovar, ambapo inasemwa mjuzi Kapila alimfanyia mamake Devahuti. Ukoo wako ukiwa na desturi hiyo, ifuate. Lakini usidhani Gaya ni kwa akina baba peke yao.

Lazima awe mtoto wa kiume?

Desturi humtanguliza mtoto mkubwa wa kiume, na wapo makuhani wasiotaka kusikia jingine. Lakini ukifika Gaya utaonyeshwa Sita Kund, ng'ambo ya mto, na hapo hoja inageuka.

Husimuliwa kwamba Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana, na nduguye Lakshmana walikwenda kutafuta vifaa vya shraddha ya baba yao, mfalme Dasharatha. Wakachelewa. Mikono ya marehemu ikatokea mbele ya Sita, mke wa Rama, ikiomba chakula, naye hakuwa na kitu, akafinyanga tonge la mchanga wa mtoni akalitoa. Likapokewa. Rama aliporudi hakuamini. Sita akawaita mashahidi: mto, ng'ombe, mtulasi, kuhani na mti. Wote wakakana isipokuwa mti. Sita akaulaani mto upite chini ya mchanga, akaubariki mti usife kamwe. Hadi leo kwenye Sita Kund watu hutoa tonge la mchanga.

Mkwe wa kike, tonge la mchanga, na mzee akashiba. Msichana asiye na kaka asikubali kuambiwa hana haki. Atafute kuhani mwingine. Nimewaona mabinti na wajane wakifanya wenyewe, wameketi mstari mmoja na wanaume.

Kwa hiyo mto Phalgu umekauka kweli?

Sehemu kubwa ya mwaka juu ni mchanga, na mahujaji walikuwa wakifukua kwa mikono kupata maji. Tangu Septemba 2022 kuna bwawa la mpira lenye urefu wa zaidi ya mita 400 linalozuia maji karibu na hekalu, na sasa unaweza kuoga na kumimina bila kuchimba. Wazee wengine wa mji wanasikitika kwamba laana ya Sita haionekani tena wazi. Mimi nilimwona bibi wa miaka themanini hivi akiteremka ngazi hadi kwenye maji na kujinawia mwenyewe, nikaona ni jambo jema.

Ule mti bado upo?

Upo. Ni Akshayavat, mti usiokoma, jamaa ya mkuyu wetu, wenye mizizi inayoning'inia kutoka matawini. Safari ya Gaya humalizikia chini yake. Unatoa matonge ya mwisho, kisha kuhani wako anakutamkia "suphal", yaani imezaa matunda. Zamani mikono ya hujaji ilifungwa kwa shada la maua mpaka neno hilo litamkwe, na wako wanaoishika desturi hiyo.

Hapo pia unaacha kitu. Unachagua chakula kimoja ukipendacho, mara nyingi tunda, na hutakila tena maisha yako yote. Fikiri mapema, usije ukataja tunda usilolijali. Mimi niliacha embe. Kila Desemba maembe dodo yakijaa sokoni Kongowea, wazazi wangu wako nami.

Nifike lini, na nikae siku ngapi?

Wakati mkuu ni Pitru Paksha, nusu ya giza ya mwezi inayoangukia kati ya Septemba na Oktoba. Wagujarati huihesabu katika mwezi wa Bhadarvo na watu wa kaskazini huiita ya Ashvin, lakini siku ni zile zile. Mji hufurika. Mwenye wazee au watoto, au asiyependa msongamano, aende wakati mwingine wowote, kwani Gaya hupokea matonge mwaka mzima.

Wengi hufanya siku moja: mto, Vishnupad, mti. Wengine siku tatu. Ibada kamili huchukua siku 17 na hupitia vituo takriban 50. Aliyefiwa na mtu kwa ajali au kifo cha ghafla hupelekwa pia kilima cha Pretshila, chenye ngazi zaidi ya 600, ambako unga wa shayiri hurushwa hewani. Juu kule watu huacha picha za wapendwa wao, nyingi za vijana. Jiandae moyo.

Makuhani wa Gaya ni akina nani, na wana daftari gani?

Huitwa Gayawal. Kazi hii hurithiwa, na kila familia ya makuhani ina maeneo yake: huyu ana watu wa wilaya hii ya Gujarat, yule wa Bengal, yule wa Rajasthan. Hivyo usiulize kuhani hodari ni nani. Uliza kuhani wa wilaya yenu ya asili.

Ana bahi, madaftari marefu yanayofungwa kwa kitambaa, ambamo kila hujaji aliandikwa: jina, kijiji, baba, watoto, siku aliyokuja. Nilitaja kijiji cha babu yangu kule Kathiawar, Gujarat. Kuhani alifungua furushi moja, akalifunga, akafungua jingine. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa wino uliofifia. Alikuwa kaka wa babu yangu, aliyefika Gaya kabla baba yangu hajazaliwa, na kando ya jina lake neno moja tu la Kigujarati: Mombasa. Baba aliishi bila kujua kwamba jina la mji wetu limelala Gaya miaka yote hiyo. Nikaandika chini yake majina yetu sote, na ya wanangu.

Kwa hiyo, kabla ya pasipoti na tiketi, tayarisha majina. Kaa na shangazi mkubwa aliyebaki, chukua kalamu, andika vizazi vitatu vya upande wa baba na vitatu vya upande wa mama, wanawake pia, gotra, na kijiji cha asili. Ukichelewa anayejua ataondoka nayo.

Gharama je? Nasikia watu hunyanyaswa kwa pesa.

Nitasema kweli. Stesheni nilipokelewa na dalali aliyesema ametumwa na kuhani wetu. Hakutumwa na mtu. Alinitoza bei ya siku tatu kwa kazi ya asubuhi moja. Kosa langu lilikuwa uchovu na haya, nikiona aibu kupatana bei juu ya marehemu. Patana, tena kabla ya kuketi chini: vifaa ni kiasi gani, kuhani ni kiasi gani, vituo vingapi. Kuhani mwenye heshima hakasiriki. Sadaka ya mwisho iwe ya hiari yako, na tonge la maskini ni sawa na la tajiri. Sita alitoa mchanga.

Majivu nayo nipeleke Gaya?

Kwa kawaida hapana. Majivu tunayapeleka Haridwar, Prayagraj au Varanasi, au hapa hapa baharini. Gaya ni kwa ajili ya roho.

Rafiki yangu asiye Mhindu anaweza kunisindikiza?

Ndani ya hekalu haruhusiwi, na pameandikwa mlangoni. Kwenye ngazi za mtoni na mjini hakuna shida. Anaweza kukusubiri Bodh Gaya, kilomita 12 hivi kutoka hapo, ambako Buddha alipata mwangaza chini ya mti.

Nikishakwenda Gaya, naacha shraddha ya kila mwaka nyumbani?

Koo nyingi husema ndiyo, wazee wameshafika. Makuhani kadhaa niliowauliza walisema hakuna andiko linalokukataza kuendelea. Sisi tunaendelea. Siku ya baba tunapika maziwa mazito ya mchele na puri, na sehemu ya kwanza inakwenda juu ya paa kwa kunguru, tukiwaita "kagvas, kagvas" kama bibi alivyokuwa akiita. Kunguru hawa wa Mombasa wenye shingo ya kijivu ni wageni kama sisi: waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakasambaa pwani nzima. Wanakuja upesi.

Sijui majina yote. Nifanye nini?

Usiache kwenda. Ibada yenyewe imewafikiria. Baada ya majina kwisha hutolewa matonge kwa wale wa ukoo wako wanaojulikana na wasiojulikana, waliokufa bila mtoto wala ndugu, waliokufa kwa moto, kwa maji, kwa nyoka, na wale ambao hawakuzaliwa wakiwa hai.

Katika ukoo wetu husimuliwa juu ya mwanamke mmoja, mke wa kwanza wa baba wa babu yangu, aliyepanda naye jahazi kutoka Porbandar wakati wa kaskazi, akafia njiani, akashushwa baharini kabla hawajaiona Lamu. Hakuna aliyebaki anayejua alikuwa akiitwa nani. Kuhani aliuliza jina, nikasema sina. Akauliza alifia wapi. Nikamwambia, baharini, kati ya kwao na kwetu. Akachukua ufuta kidogo zaidi, akauweka kwenye kiganja changu, akasema, huyo mwite mama.